Taka ni Nini, na Nani wa Kusema

Katika miaka yangu yote ya ualimu nimewasha moto mmoja tu wa skuli, na moto wenyewe haukupita kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 1988, nyuma ya jengo la skuli niliyokuwa mwalimu mkuu wake, huku kwetu Pemba, upande wa Wete. Nilichokichoma ni madaftari. Sikuwa na nia ya kuitia habari hii kitabuni, maana mtu akiandika mambo yake hupenda kuandika yanayompamba. Lakini mjukuu wangu wa kike, anayesoma mambo ya kompyuta Unguja, alikuja likizo akanieleza jambo moja la mashine zake, na tangu siku hiyo moto ule umeniwakia upya.

Ndugu msomaji anistahamilie, kwani itanilazimu kwanza nilieleze hilo jambo la mashine, nami ni mtu niliyesomea ualimu Nkrumah, Beit el Ras, zama ambazo mashine kubwa tuliyoijua ilikuwa taipureta. Mjukuu wangu amezisoma kurasa hizi na kusahihisha palipostahiki kusahihishwa. Palipobaki kosa ni ukaidi wangu.

Programu ya kompyuta inapofanya kazi huhitaji mahali pa kuweka mambo yake, na mahali hapo huitwa kumbukumbu. Hapa sisemi ile kumbukumbu ya kuhifadhia, inayobaki hata mashine ikizimwa. Nasema ile ya kazini, mfano wa ubao wa darasani. Sisi wa Pemba, tuliokaa miaka mingi na majenereta ya Wesha kabla ya waya wa umeme kupita chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, twaijua vizuri: umeme ukikatika, yote uliyokuwa hujayahifadhi yamekwenda na maji.

Sasa, uko mtindo wa kuandika programu ambao kila jambo hufanywa kuwa kitu. Ukiandika programu ya skuli, mwanafunzi ni kitu, chenye jina lake, umri wake na namba yake. Darasa ni kitu, mwalimu ni kitu, hata mtihani ni kitu. Na vitu hivi hushikana. Ndani ya darasa mna vielekezi, yaani anuani zinazosema mwanafunzi huyu yuko mahali hapa katika kumbukumbu, na yule yuko pale. Bila ya kielekezi kitu hakifikiki, ijapokuwa kipo. Mtindo huu ulianzia Oslo, kwa mabwana wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na lugha yao waliyoiita Simula 67. Waya wetu wa umeme nao uliletwa kwa msaada wa Norway. Mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo, nimeyataja kwa sababu yamenifurahisha.

Taabu ni kwamba kumbukumbu ina mwisho, kama chumba chochote. Programu huzaa vitu maelfu kwa maelfu kwa muda mfupi, na vingi hufanya kazi mara moja tu kisha havihitajiki tena. Asipotokea wa kuviondoa, chumba hujaa na kazi husimama. Nani basi aviondoe? Katika lugha kama ile iitwayo C, mwandishi wa programu mwenyewe ndiye anayeamrisha: kitu hiki nimekwisha nacho, mahali pake papewe mwengine. Na hapo, alisema mjukuu wangu, waandishi hukosea kwa njia mbili. Kosa la kwanza ni kusahau kuamrisha, vitu vikarundikana bila ya kazi. Hilo wao huliita kuvuja. Kosa la pili ni kuamrisha mapema. Kitu kimeondolewa, lakini kuna mtu mahali fulani katika programu bado amekishika kielekezi chake, na kielekezi kinaonyesha pale pale. Akikifuata atafika mahali, ila atakuta kitu chengine kabisa, maana mahali pamekwisha kupewa mwengine.

"Na hilo la pili, babu, ndilo baya zaidi," akasema. "La kwanza utaliona, mashine itakuwa nzito. La pili huenda usilijue mpaka siku mtu anakuja na kielekezi chake."

Alilisema hivi huku akitafuna muhogo, kama mtu anayesoma jadweli. Mimi nikakiweka chini kikombe changu cha kahawa.

Mwaka ule wa 1988 tulipata shehena ya chaki na vitabu vya kusomea, na mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Stoo yetu ilikuwa moja, ndogo, na nusu yake ilishikwa na kabati la makaratasi ya zamani: madaftari ya kuandikishia wanafunzi tangu enzi za Mwingereza, madaftari ya mahudhurio, barua za watu niliokuwa siwajui. Niliyapekua kwa muda usiofika saa moja. Nikajiuliza swali ambalo niliona ni la busara: katika miaka yangu minne ya kuongoza skuli hii, nani ameyauliza haya? Hakuna. Wizara haikuyauliza. Wakaguzi hawakuyauliza. Mitihani haikuyahitaji. Basi ni taka. Nikawaambia vijana wawili wa darasa la juu wayabebe, na mimi mwenyewe nikapiga kiberiti. Chaki ikapona mvua, vitabu vikapona, na jioni ile nilikwenda nyumbani nikijiona mtu mwenye nidhamu ya kazi.

Mwaka 1995 alinijia ofisini bi mkubwa mmoja kutoka upande wa Mtambwe. Alikuwa amekuja kwa gari mpaka njia kuu, na sehemu iliyobaki kwa miguu. Alipokwisha kukaa na kujifuta jasho akanambia:

"Mwalimu, nimekuja kumtazama kaka yangu."

Nikamuuliza kaka yake ni nani, na kama ni miongoni mwa walimu. Akasema la, alisoma hapa, amekufa zamani. Akafungua pembe ya kanga yake, mlimokuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa kimeliwa na wadudu. Pale jina la mtoto lilipopaswa kuwapo palikuwa na tundu. Kilichobaki ni mwaka, 1954, na namba ya kuandikishwa: 214. Akanieleza kwamba kaka yake alisoma miaka miwili tu, akaugua, akafa. Picha hana, kaburi limefunikwa na miti, na wazee waliomjua wamekwisha. Yeye mwenyewe hajui kusoma, ila anaye mjukuu aliyeanza kusoma, na ameambiwa na watu kwamba skuli huandika majina ya watoto wote katika daftari. Alitaka daftari lile lifunguliwe, mjukuu wake aletwe siku nyengine alisome jina kwa sauti, naye asikie. Aliongeza, kama jambo dogo, kwamba siku hizi baadhi ya vijana wa ukoo wanambishia, wanasema mama yake hakuzaa mtoto wa kiume.

Nilijua hasa mahali daftari lile lilipokuwapo. Kabati la stoo, rafu ya tatu. Nilisimama, nikachukua ufunguo, nikaenda naye. Mpaka leo sijielewi kwa nini nilimpeleka, kwani nilijua. Nikafungua mlango, na pale kwenye rafu ya tatu palikuwa na makasha ya chaki.

Nilimwambia ukweli. Akasimama kidogo akiyatazama makasha, kisha akasema, "Si neno, mwalimu. Hukujua." Akakikunja kikaratasi chake mara nne, akakifunga tena pembeni mwa kanga, akaniombea dua njema, akaondoka. Laiti angenitukana. Neno lile la kwamba sikujua lilikuwa la kweli, na ndilo lililokuwa kosa lenyewe. Sikujua kwa kuwa sikuuliza. Na sikuuliza kwa kuwa niliamini kwamba kutoulizwa mimi ni sawa na kutoulizwa na mtu yeyote.

Nikamsimulia mjukuu wangu kisa hiki, ambacho hata baba yake hakijui. Akanyamaza, kisha akasema, "Babu, ulimfuta akiwa bado ameshikwa." Ndipo akanieleza namna lugha nyengine zinavyojikinga na kosa hili, na maelezo hayo ndiyo yaliyonipa kuandika.

Katika mwaka 1959 bwana John McCarthy, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha MIT kule Marekani, alikuwa akitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Lisp. Hakutaka mwandishi wa programu ajishughulishe na kufuta. Akaamua mashine ijifutie yenyewe, kumbukumbu inapokaribia kwisha. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1960. Wao kwa wao walikuwa wakiiita kazi hiyo kuzoa taka, lakini katika karatasi yake ya kitaalamu McCarthy hakuthubutu kulitia neno hilo, na miaka mingi baadaye alikiri kwa mzaha kwamba aliona haya, au pengine mabibi waliokuwa wakisahihisha lugha katika maabara yao wasingelipitisha. Mimi niliyesahihisha insha kwa zaidi ya miaka thalathini nawaelewa mabibi wale. Hata hivyo neno likashika. Lugha nyengine zikafuata, na mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ikaitoa lugha ya Java, iliyolieneza jambo hili duniani kote. Java ile imepewa jina la kahawa, na kahawa ilipewa jina la kisiwa, na kisiwa kile kiko katika nchi ambayo kwa miaka mingi imenunua karafuu zetu ikazitia ndani ya sigara. Mwaka 1995, kama msomaji anavyokumbuka, ndio mwaka aliokuja bi mkubwa wa Mtambwe.

Nilidhani mzoa taka wa mashine huzunguka akitazama kitu kimoja kimoja, akisema hiki kizuri, hiki kibovu. Hivyo ndivyo tunavyochambua karafuu. Mtu hukaa jamvini, akashika kikonyo, akatenga karafuu upande huu na makonyo upande huu, kwa kuyatazama yenyewe. Na hata hapo hukumu ya taka hutegemea mwenye kuhukumu, kwa sababu makonyo hayo, ambayo mgeni angeyatupa jaani, hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi. Lakini mashine haifanyi hivyo hata kidogo. Mzoa taka hakiulizi kitu thamani yake. Hata taka hazitazami.

Anachofanya ni hiki. Huanza na vile viitwavyo mizizi, yaani vitu ambavyo programu imevishika mkononi sasa hivi, katika kazi inayoendelea. Hivyo havina shaka. Kutoka katika kila mzizi hufuata vielekezi: mzizi umeshika darasa, basi darasa linapigwa alama. Darasa limeshika wanafunzi thalathini, wote wanapigwa alama. Mwanafunzi mmoja ameshika kitabu, kitabu kinapigwa alama. Hufuata hivyo mpaka vielekezi vyote viishe. Hapo ndipo hupita na ufagio, na kila asiyekuwa na alama huondoka. Ni kama kuita majina asubuhi, ila mwalimu haiti majina kutoka kwenye karatasi yake. Huanza na mtoto aliye mbele yake na kumuuliza, wewe unamjua nani? Na yule naye huulizwa vivyo hivyo, mpaka wa nyuma kabisa. Wakati kazi hii ikifanyika, katika mashine za zamani, kila kitu kilisimama, kama duka linalofungwa ili mali ihesabiwe. Katika Lisp ya mwanzo kusimama huko kulikuwa kwa sekunde kadhaa. Leo wataalamu wamekufanya kuwa kufupi mno.

Basi mzoa taka kazi yake hasa ni kuwatafuta walio hai. Taka ni jina la waliobaki baada ya kila mtu kuulizwa. Tofauti ya hilo na niliyoyafanya mimi ni kama mbingu na ardhi. Mimi nilianza na taka. Niliyatazama madaftari, nikayaona yana vumbi, nikayahukumu kwa vumbi lake. Mashine isingeyahukumu madaftari kabla haijamaliza kwenda Mtambwe.

Nisije nikaifanya mashine kuwa walii. Mjukuu wangu alinionya kwamba nayo ina upofu wake. Mwaka huo huo wa 1960 bwana George Collins alileta njia nyengine, ya kuhesabu: kila kitu kiwe na tarakimu ya wangapi wamekishika, na tarakimu ikifika sifuri kiondolewe papo hapo. Njia nzuri, nyepesi, haisimamishi kazi. Lakini ina kasoro iliyoonekana baada ya miaka michache. Vitu viwili vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe, kila kimoja kina mmoja anayekishika, tarakimu haifiki sifuri kamwe, na vitabaki humo hata kama hakuna mwengine yeyote ulimwenguni anayevijua. Kwa njia ya McCarthy havina hila. Kutoka mizizini hapana njia ya kuvifikia, basi vinafagiliwa, vimeshikana vivyo hivyo.

Hapa ndipo tulipogombana. Mimi ninaye rafiki ambaye nimekaa naye baraza moja kila baada ya alasiri tangu tustaafu. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Wanafunzi wake wengi hawamkumbuki, na wangu vivyo hivyo, wengine wako Dar es Salaam, wengine Maskati, na wengine wametangulia mbele ya haki. Mambo yetu ya ujana, yeye anayakumbuka ya kwangu na mimi ya kwake, na baraza inatosha. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba kwa hesabu ya McCarthy sisi wazee wawili ni wa kufagiwa, na hilo silikubali, wala dini na utu havilikubali.

Akacheka, akasema, "Babu, vitu si watu."

Neno fupi, nami nililipokea kama jawabu la mtu anayetaka kwenda kulala. Lakini usiku nilipolala nalo niliona limebeba mambo mengi kuliko maelezo yake yote ya mchana. Katika mashine, kitu kina haki ya kubaki kwa sababu kuna anayekishika. Mtu hayuko hivyo. Mtu hahitaji kushikwa na yeyote ili awepo, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mzizi. Bi mkubwa yule, asiyejua kusoma, ambaye hakuna afisi iliyokuwa na habari zake, alikuwa mzizi sawasawa na waziri wa elimu. Kutoka kwake palikuwa na njia iliyonyooka: mkono wake, pembe ya kanga, kikaratasi, namba 214, rafu ya tatu. Haikukatika mahali popote ila mwisho wake, na mwisho wake niliukata mimi. Kosa langu halikuwa la kuzoa taka, maana stoo ile ilikuwa lazima isafishwe. Nilikosea katika kuhesabu mizizi. Niliihesabu wizara, wakaguzi, mitihani na mimi mwenyewe, nikadhani nimemaliza.

Na sidhani kuwa kosa hili ni langu peke yangu. Kila mwenye afisi hulifanya. Hukaa kwenye kiti, akatazama vinavyofika mezani kwake, na visivyofika akaviita vilivyokufa. Visima vya zamani hufukiwa hivyo, na miti ya mipaka hukatwa hivyo, na majina ya vitongoji hubadilishwa hivyo, kisha hutokea bibi kizee mmoja akauliza.

Nilimuuliza mjukuu wangu kama basi tuseme tusitupe chochote. Akasema hilo nalo ni ugonjwa. Mzoa taka hana uwezo wa kujua kwamba kitu kilichoshikwa hakina kazi tena. Maadamu kuna anayekishika, ataamini kwamba kinahitajika. Programu iliyoandikwa kizembe huweza kuwa na orodha moja iliyosahauliwa, inayoshika vitu milioni ambavyo hakuna atakayevitazama, na mzoa taka atavizunguka kwa adabu kila mara bila ya kuvigusa, mpaka mashine ianguke kwa uzito. Katika Java waliweka hata kielekezi dhaifu, chenye kusema: nakijua kitu hiki, ila nikiwa mimi peke yangu ninayekijua, kiondoke, msinisubiri. Nilikipenda hicho. Wako watu wengi ninaowajua namna hiyo, nao wananijua namna hiyo hiyo.

Aliniambia pia kwamba wataalamu waligundua kuwa vitu vingi hufa vichanga, kwa hivyo mashine huwagawa kwa rika. Vipya hukaguliwa kila mara. Vilivyoponyoka kaguzi kadhaa huhamishiwa sehemu ya wakubwa, na huko ukaguzi ni wa nadra, kwa dhana kwamba aliyeishi muda mrefu ataendelea kuishi. Katika Java sehemu hiyo ina jina lenye maana ya walio katika ajira ya kudumu. Nilimwambia kwamba kwa mtu wa miaka sabini na kitu, mwenye pensheni, hii ndiyo habari njema ya kwanza kutoka katika kompyuta.

Bi mkubwa wa Mtambwe alifariki miaka kadhaa baada ya siku ile. Nilikwenda mazishini, na hakuna aliyejua kwa nini nimekwenda. Kabla hajaondoka ofisini kwangu alikuwa amenitajia jina la kaka yake na la baba yao, nami nililiandika katika daftari langu la nyumbani, lile la hesabu za karafuu na madeni, mahali palipokuwa tupu, na namba yake pembeni. Sitaliandika hapa, kwa kuwa ni la watu na sijawaomba ruhusa. Ila nimemwonyesha mjukuu wangu ukurasa.

Nilidhani hayo yamekwisha. Kumbe mwezi wa pili baada ya mazungumzo yetu nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu mkuu wa skuli nyengine, kijana niliyewahi kumfundisha. Wanajenga madarasa mapya, stoo ya zamani itabomolewa, na mna makaratasi. Aliniuliza kwa heshima, kama mzee wa kazi, kama ayachome. Nikamwambia asubiri, nakuja. Tukakaa siku tatu. Tukatengeneza orodha ya majina na miaka, tukawapa masheha wa jirani, na maimamu wakaombwa watangaze baada ya sala ya Ijumaa: mwenye jambo lolote katika madaftari ya skuli ya zamani na aje. Kijana aliona aibu kidogo kwa tangazo lile, akihofu watu watacheka. Baadhi walicheka.

Walikuja watu tisa katika muda wa wiki nne. Mmoja alitaka mwaka wa kuzaliwa kwa ajili ya kitambulisho. Wawili walikuwa ndugu waliobishana nani aliyeanza skuli kwanza, wakaondoka wamenuniana zaidi. Mzee mmoja alitaka kuiona tu hati ya mwalimu wake, akaigusa kwa kidole, akaenda zake. Wengine nimewasahau walichotaka. Madaftari yaliyoulizwa tuliyaweka katika kabati la chuma ofisini.

Yaliyobaki, ambayo hakuna aliyekuja kwa ajili yake, kijana akanitazama mimi nitoe amri. Muda ulikuwa umepita, masheha wamekwisha kusoma orodha, maimamu wamekwisha kutangaza. Mashine ingekuwa imekwisha kufagia. Nikasema yapakiwe kwenye gari. Sasa yamo katika mapipa mawili ndani ya chumba alichokuwa akilala mjukuu wangu, na harufu ya ukungu imefika mpaka ukumbini. Mke wangu huniuliza kila Ijumaa ni lini nitayatoa. Namwambia bado sijamaliza kuuliza watu. Naye husema kwamba kuna watu wangapi Pemba hii, na mimi huvaa kanzu yangu nikaenda barazani.